“Saini Tu”: Somo Kuhusu Mikataba ya Kazi kwa Kijana wa Ukanda wa Dhahabu



Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alinitumia picha saba kwa WhatsApp. Zilikuwa kurasa za mkataba wa kazi. Kampuni iliyomwita ilikuwa ndogo, ikifanya kazi chini ya mkandarasi katika mgodi mmoja wa ukanda huu wa dhahabu, na yeye ni fundi mitambo aliyekuwa amekaa nyumbani karibu mwaka mzima tangu amalize chuo. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: “Frateri, nisomee hii. Wanataka nisaini kesho saa mbili asubuhi.”

Nilikuwa likizo, nikisaidia parokiani, na Masifu ya Jioni yalikuwa yanakaribia. Nilifungua picha ya kwanza, nikaona kiasi cha mshahara, nikafurahi kwa niaba yake. Nikamjibu: “Saini tu, Mungu ni mwema. Mengine yatajulikana.”

Yalijulikana kweli. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu, jambo lililoandikwa ukurasa wa pili ambao sikuufungua. Ulipoisha alipewa mwingine wa miezi mitatu, kisha mwingine, hadi ikafika mara tano: karakana ile ile, msimamizi yule yule, zamu zile zile. Jumla miezi 15. Ijumaa moja akaambiwa kwamba mkataba wake umeisha na Jumatatu asije. Alirudi nyumbani akakaa kimya kwa aibu, maana alikuwa ameshamwahidi mama yake bati za nyumba. Aliponieleza zilikuwa zimepita siku 47. Nilipoanza kuwauliza watu wanaoijua sheria, wakaniambia kwamba mlango wa kudai ulikuwa wazi hadi siku ya 30.

Somo hili ninaliandika kwa sababu ya siku zile 17, na kwa sababu ya kurasa sita ambazo sikuzifungua.

Frateri na mambo ya ajira wapi na wapi?

Swali hilo niliulizwa na mwenzangu hapa seminarini, na ni swali zuri. Jibu langu la kwanza ni mtu mmoja wa Ubelgiji. Joseph Cardijn, aliyezaliwa 1882, alipokuwa kijana aliingia seminari wakati rafiki zake wa shule walikwenda viwandani na migodini. Aliporudi likizo walimwona kama mtu aliyehamia upande wa matajiri, wakamkwepa. Jambo hilo lilimchoma. Alipokuwa padre alianzisha chama cha vijana wafanyakazi wakatoliki, na njia yao ya kujifunza ilikuwa na hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliipendekeza njia hiyo kwa Kanisa lote katika waraka wake Mater et Magistra.

Matunda ya chama hicho yamefika hadi parokiani kwetu. VIWAWA ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Nilikaa VIWAWA miaka mitatu kabla ya kuja seminari. Tuliimba, tulicheza mpira, tulikwenda hija, na neno la mwisho la jina letu sikumbuki tukilijadili hata Jumapili moja. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe nilikuwa katibu.

Tuone kwanza

Wazee wa Shinyanga wanapomwambia kijana “tafuta kazi”, wengi wao wana picha ya Mwadui kichwani. Almasi iligunduliwa pale 1940 na Dakta Williamson, na kwa kizazi cha babu zetu “kuajiriwa Mwadui” kulikuwa na maana ya kazi ambayo mtu anaizeekea. Kisha ikaja dhahabu: mgodi mkubwa wa Geita 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Huo wa mwisho ulisimamisha uzalishaji 2021, na Kahama walijifunza kwamba hata mgodi mkubwa una tarehe ya mwisho.

Kijana wa leo anaitwa na watu tofauti. Mara nyingi anayemwita ni mkandarasi wa mkandarasi, si mgodi wenyewe. Au ni mradi wa ujenzi: uwanja wa ndege hapa Ibadakuli, reli ya kisasa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kiwanda cha mabomba ya mafuta kule Sojo wilayani Nzega. Au ni shule binafsi inayomwambia “anza kwa kujitolea, nafasi ikipatikana tutakufikiria.” Au ni mwenye duara huko Mwakitolyo au Nyarugusu asiyekuwa na karatasi yoyote ila anatoa ugali, tochi na ahadi ya mgawo wa mifuko ya mawe. (Anayedai pesa ya “fomu” au ya “mafunzo” kabla ya kazi simhesabu, huyo haiti mtu kazini.)

Kila mmoja wa hawa anamtaka kijana ajibu haraka. Haraka hiyo ndiyo ya kuitazama kwanza. Kazi ya miezi 15 ilimfikia binamu yangu na usiku mmoja wa kufikiri.

Mkataba wa Yakobo

Tunapolisoma Kanisani simulizi la Yakobo na Labani, katika Mwanzo sura ya 29 hadi 31, tunalitazama kama habari ya mapenzi na wake wawili. Naomba tulisome mara moja kama habari ya ajira. Yakobo ni kijana aliyefika ugenini bila mtaji. Labani ni ndugu wa mama yake, yaani mjomba, na anaanza vizuri kabisa: anamwambia kwamba undugu si sababu ya kufanya kazi bure, ataje mshahara wake. Yakobo anataja: miaka saba kwa Raheli, binti mdogo. Makubaliano yako wazi kwa maneno, hakuna mwenye shaka.

Miaka saba inaisha, harusi inafanyika usiku, na asubuhi Yakobo anamkuta Lea. Akilalamika, Labani anajibu kwamba kwao si desturi kumwoza mdogo kabla ya mkubwa. Hapo ndipo penye somo. Desturi hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Labani aliijua, Yakobo hakuijua, na haikutajwa mpaka kazi ilipokuwa imeshafanyika. Siku hizi tunaiita “sera ya kampuni”. Binamu yangu alipouliza mbona malipo ya saa za ziada hayaonekani, aliambiwa kwamba sera ya kampuni haina kitu hicho.

Lakini Yakobo alijifunza, na wana wa wafugaji wa Usukuma tunaweza kumwelewa kuliko wasomaji wengi. Mkataba wake wa pili, katika sura ya 30, haukuwa wa ahadi. Alisema mshahara wake uwe mbuzi wenye madoa na mabaka na kondoo weusi. Siku ya hesabu, rangi ya mnyama itajisemea yenyewe. Kwenye harusi kulikuwa na shela, kwenye kundi hakuna shela. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha kwanza ninachompa kijana: kila kipengele cha mkataba kiulize kama ni cha shela au cha madoa. “Mshahara mzuri kulingana na utendaji” ni shela. “Shilingi kadhaa kila tarehe 28 ya mwezi” ni madoa. “Utaangaliwa baada ya muda” ni shela.

Na hata hivyo Labani aliibadilisha mishahara mara kumi, kama Yakobo anavyolalamika katika sura ya 31. Mkataba wazi haumgeuzi mwajiri mbaya kuwa mwema. Unakupa tu kitu cha kushika mkononi siku ya malalamiko.

Aliyesaini kwa shida, amekubali?

Sasa tuingie katika kuamua, na hapa falsafa tunayosoma darasani ina kazi.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, anauliza juu ya nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Je, ametupa kwa hiari? Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetupa mali baharini siku ya shwari. Lakini katika saa ile, mkono uliotupa ni wake, na uamuzi ni wake. Aristotle anayaita matendo kama haya ya mchanganyiko, na anaona yameegemea zaidi upande wa hiari, maana yanachaguliwa wakati yanapotendwa.

Kijana aliyekaa mwaka mmoja bila kazi na kusaini mkataba mbovu saa mbili asubuhi ni nahodha yule. Alisaini. Sipendi mahubiri yanayomwambia kwamba hakuwa na uchaguzi wowote, kwa sababu yanamfanya kuwa mtoto, na mtu aliyeambiwa hana uchaguzi haulizi swali hata moja mbele ya meza ya mwajiri. Angeweza kuuliza. Angeweza kuomba siku moja. Na aliyemshauri angeweza kufungua ukurasa wa pili.

Lakini habari haiishii hapo, kwa kuwa kwenye ajira kuna kitu ambacho hakipo baharini. Dhoruba haina mwenyewe. Shida ya kijana inajulikana na yule anayekaa upande wa pili wa meza, na wakati mwingine anaitumia. Papa Leo XIII aliliona hilo katika Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891. Anakubali kwamba mfanyakazi na mwajiri wako huru kupatana. Kisha anaeleza kuwa chini ya mapatano yao kuna haki ya asili iliyotangulia, inayodai mshahara umtoshe mfanyakazi mwadilifu kuishi, na kwamba anayekubali masharti magumu kwa kuogopa baya zaidi ametendewa kwa nguvu, hata kama hakuna aliyemshika mkono. Papa wetu wa sasa, Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza siku mbili baadaye kwamba jina lake limetokana hasa na Leo huyo na waraka huo.

Kwa hiyo mambo mawili ni ya kweli kwa pamoja. Sahihi yako ni yako na inakufunga. Na yapo mambo ambayo sahihi haiwezi kuyaondoa. Nilipokuwa namwambia binamu yangu “saini tu”, nilikosea la kwanza. Alipokaa kimya siku 47 kwa kuwa “nilisaini mwenyewe”, alikosea la pili.

Sheria imeweka nini chini ya sahihi

Haki ya asili ingebaki darasani kama isingepewa vifungu. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Nimeisoma kama mwanafunzi, si wakili, na ninashauri kila kijana aisome walau kifungu cha 15.

Kifungu hicho kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi mambo ya msingi: mahali alipoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Mfanyakazi asipoyaelewa maandishi, mwajiri anawajibika kuhakikisha ameelezwa kwa namna anayoielewa. Nilipokisoma kifungu hiki mara ya kwanza nilirudia mara mbili. Binamu yangu alikuwa na haki ya kusema, “Kiingereza hiki sikielewi, nielezeni,” na lisingekuwa kosa wala utovu wa adabu. Hakulisema kwa sababu aliona haya, akamtumia picha frateri aliyekuwa na haraka. Kinachobaki ni kwa wale wanaofanya kibarua cha chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, hao kifungu hiki hakiwahusu.

Tena, kukiwa na shauri na mwajiri ameshindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Kwa hiyo ule usemi wa mitaani kwamba “huna karatasi, huna kesi” si kweli. Weka hata hivyo kila unachokipata: ujumbe wa simu, hati za mshahara, ratiba ya zamu, kitambulisho cha getini.

Juu ya saa: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Zamu ndefu za hadi saa 12 kwa siku zinaruhusiwa zikiwa zimekubaliwa kwa maandishi, na saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Muda wa majaribio, kwa mujibu wa Kanuni za Utendaji Bora za 2007, usizidi miezi 12. Mwalimu aliyeko “kwenye majaribio” mwaka wa tatu anachezewa. Kuhusu notisi, anayelipwa kwa mwezi anastahili siku 28 akishapita mwezi wa kwanza. Na wewe unayeacha kazi unadaiwa hizo hizo, jambo tunalolisahau.

Sasa lile la binamu yangu. Sheria inahesabu kama kuachishwa kazi pale ambapo mwajiri ameacha kuuhuisha mkataba wa muda maalum na mfanyakazi alikuwa na matarajio yenye msingi kwamba utahuishwa. Msingi unaweza kuwa kuhuishwa mara kadhaa huko nyuma, au ahadi ya mwajiri. Kinga hii haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, lakini miezi hiyo inahesabiwa hata kama ilikuwa chini ya mikataba zaidi ya mmoja. Yeye alikuwa na mikataba mitano na miezi 15. Siwezi kusema angeshinda. Ninasema alikuwa na swali la kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na swali hilo linapelekwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba apokelewe nje ya muda, kwa fomu yake, akitoa sababu za msingi. “Niliona aibu” sijui itapimwaje.

Laki tano si laki tano

Nitakaa kidogo kwenye hesabu, maana nimeona rafiki zangu watatu wakigombana na wahasibu wasio na kosa. Tuseme umeahidiwa mshahara wa 500,000 kwa mwezi. Uliza: ghafi, au unaoingia mkononi? Ukiwa ghafi, NSSF wanachukua sehemu yako ya asilimia 10, yaani 50,000. Zinabaki 450,000 za kukatwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazikatwi, na zinazofuata mpaka 520,000 zinakatwa asilimia 8. Kwako ni 180,000, kodi yake 14,400. Unabaki na 435,600. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 75,000, na mkononi zinafika 360,600. Ukiwa umepanga chumba Geita mjini na una mdogo wako sekondari, tofauti hiyo ya karibu 140,000 ni kodi ya nyumba na ada.

Makato yenyewe si wizi. NSSF unayokatwa inaongezewa na mwajiri, akiba yako inakua. Wizi ni pale unapokatwa na fedha hazifiki. Uliza namba yako ya uanachama mwezi wa kwanza, usisubiri mwaka wa tatu.

Nimeshasema ndiyo, na pengine wameniita

Tatizo hili linawasumbua vijana waadilifu zaidi ya wengine. Umekubali kufundisha shule fulani kuanzia Januari, na tarehe 20 Desemba mgodi unakupigia simu na mshahara mara mbili. Wazazi wanasema nenda. Mwalimu mkuu ameshapanga ratiba.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anasema aliyeahidi kwa nia ya kweli hakusema uongo, na kwamba asipotimiza anaweza kuwa na udhuru kama hali za mambo na za watu zimebadilika. Ni mlango, lakini ni mwembamba kuliko tunavyopenda. Kupata mshahara mkubwa zaidi ni badiliko upande wako tu. Kwa mwalimu mkuu hakuna kilichobadilika, ana darasa lisilo na mwalimu. Maoni yangu ni haya: kama hujasaini na hujaanza, piga simu siku hiyo hiyo, sema ukweli, uombe radhi, na kama unaweza mtafutie mtu. Kama umesaini, fuata notisi iliyoandikwa, hata kama mgodi utakasirika. Mgodi unaokutaka uvunje mkataba wa mwenzake umekuonyesha jinsi unavyoitazama mikataba. Na kuzima simu na kutoweka, kama tunavyofanya wengi, hakuna udhuru wa Mtakatifu Tomaso unaokufikia huko.

Wapo watakaosema frateri anaongea kirahisi kwa kuwa anakula mezani bila kutafuta. Ni kweli. Ndiyo maana nimeuliza kwanza waliotoka kazini kabla ya kuandika aya hii, na hawakukubaliana wao kwa wao.

Sisi tutakaoajiri

Ndugu zangu mafrateri, kuna upande mwingine wa meza, na miaka michache ijayo tutaketi huko. Paroko ni mwajiri. Ana mpishi, ana mlinzi, pengine dereva, pengine chekechea na zahanati. Kanuni ya 1286 ya Sheria za Kanisa inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wazishike kikamilifu sheria za nchi kuhusu kazi, na wawalipe wafanyakazi ujira wa haki unaowatosha wao na familia zao. Amri za kima cha chini cha mshahara zinazotolewa na Waziri zinawataja hata watumishi wa majumbani.

Tuna neno moja zuri ambalo linaweza kugeuka shela: kujitolea. Mama anayepamba altare Jumamosi anajitolea, na Mungu atamlipa. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamdhania mtu kuwa mfanyakazi ikiwa, kwa mfano, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, au anapewa vifaa na huyo, au anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Jambo moja tu kati ya hayo linatosha kuianza dhana hiyo, na anayepinga ndiye athibitishe kinyume. Mtu anayefungua kanisa alfajiri, anayejaza vitabu vya ubatizo, anayetumwa na paroko siku sita kwa wiki na kupewa “asante” ya elfu ishirini Krismasi, tunamwitaje? Nimeliuliza swali hili darasani. Lilileta kicheko kwanza, halafu ukimya.

Tunaweza pia kuanza na kidogo kinachowezekana. Katika kila jumuiya ndogo ndogo kuna mwalimu, karani, au mzee mstaafu anayesoma Kiingereza. VIWAWA wa parokia wakitenga saa moja baada ya Misa, mara moja kwa mwezi, kijana mwenye mkataba mfukoni aje ausome na watu watatu kabla ya kusaini, hiyo ni kuona, kuamua na kutenda kwa bei ya benchi moja.

Daftari la Mwakitolyo

Binamu yangu hakujaza fomu ya kuomba kupokelewa nje ya muda. Nilimsihi. Alisema nauli ya kwenda na kurudi mjini ataipata wapi, na kwamba rafiki yake amemwita Mwakitolyo. Sasa yuko kwenye duara, kwa mgawo. Pale hakuna NSSF. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015, na Oktoba mwaka huo huo wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Kahama, watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Lakini Mfuko huchangiwa na mwajiri, na mchimbaji wa mgawo hana anayemchangia.

Sikumwambia aache. Sina kazi ya kumpa. Nilimwomba kitu kimoja, anunue daftari, na kabla ya kushuka tena aandike na mwenye duara mistari mitano: mifuko inagawanywaje, gharama za maji na karasha zinatolewa kabla ya mgawo au baada, nani anashuhudia kuhesabu, akiumia nani anamtibu, na akitaka kuondoka anadai nini. Wote wawili watie sahihi, na mashahidi wawili.

Alinipigia Jumapili iliyopita. Mwenye duara alicheka, akasema hajawahi kuona mchimbaji anayekuja na mambo ya ofisi, kisha akaomba kalamu. Nimetumiwa picha ya ukurasa huo. Safari hii nimesoma mpaka mwisho. Mistari minne imejazwa. Ule wa matibabu bado uko wazi, na mwenye duara amesema wataongea mwisho wa mwezi.